Brauza imeniletea maswali ya mama

Shamimu, hebu sikia hili.

Nimepakua ile brauza mpya wanayoisifia hapa ofisini. Kweli nyepesi. Nikaingiza imeili yangu, ikaniuliza, "Endelea ulipoishia?" Nikabonyeza ndiyo.

Shoga, sikuishia mimi. Aliishia mama!

Unakumbuka ile simu niliyompelekea kijijini Mlali? Niliifungulia kwa imeili yangu, si hakuwa na yake. Sasa kila alichotafuta kimejaa hapa. Bei ya nyanya. Nyimbo za kwaya.

Na arobaini yake tumemaliza juzi tu.

Halafu kuna swali kaliuliza mara tisa. Mara tisa, Shamimu. "Nitajuaje kama Martina amenibloku."

Nilimbloku kweli, mimi mwanawe.

Na hii brauza bado inaniuliza, "Endelea ulipoishia?"