Nyasi Zako za Muaither

Kaka Kizito,

Mwezi wa tano umeingia huku Muaither, nchi ya Waarabu, nyasi zako zikiwa zimegeuka rangi ya gunia. Najua habari za nyasi ndizo ungeuliza kwanza, kwa hiyo nimeanza nazo. Za watu zitafuata.

Dereva mpya alikuja, Mkenya mwenzangu wa Kitale. Anaendesha vizuri kuliko wewe, pole, lakini bustani hagusi. Anasema aliajiriwa kushika usukani, si reki. Chumba chako anakaa yeye. Buti zako za mpira nilikataa zisitupwe. Ninazivaa mimi, na soksi mbilimbili ndani.

Moyo wako uliposimama Agosti ile, Baba mwenye nyumba alihuzunika kweli, usimfikirie vibaya. Alikusindikiza mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Mazishi ya Kabale niliyatazama kwa simu, nimesimama jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, na mtandao ukakatika kabla hawajaanza kutupa udongo. Basi, ikawa hivyo. Kwenu wana kaburi la kupalilia, mimi nilibaki na nyasi ulizoziacha, na kichwani mwangu ulikuwa bado hujazikwa.

Ndiyo maana nilishtuka Baba alipoleta sampuli ya nyasi za plastiki, kipande cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Alisema wewe hupo tena, nani atahangaika na hizi? Mama yake, bibi yetu Mama Kabira, alikigusa kile kipande kwa kidole cha mguu akasema, "Mafi zein." Haifai. Nikaona hapo hapo pa kuingilia. Nikamwambia Baba nitazitunza mimi, nikimaliza jikoni, anipe mwaka mmoja tu. Alicheka, akakubali. Zikifa, plastiki.

Oktoba nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nilizinyoa nyasi za kiangazi hadi karibu na udongo, nikamwaga juu yake zile mbegu za baridi zinazotoka nchi za theluji, nikafunika na mbolea, nikanyunyiza maji kidogo kidogo. Unakumbuka nilivyokucheka mara ya kwanza kukuona unapanda nyasi? Nilikwambia kwetu Kinangop nyasi hupandwa na Mungu na kukatwa na ng'ombe. Ukanijibu, "Hata Kabale, dada, lakini huku Mungu ameniachia mimi gunia la mbegu."

Zikaota. Jamani Kizito, ziliota! Kufika Januari Mama Kabira alikuwa anatandikiwa zulia pale katikati, anavua viatu, anakunywa chai yake ya karaki na wajukuu wanabiringika. Asubuhi kulikuwa na umande, na harufu ilikuwa ya kwetu kabisa. Nilifurahi. Halafu nikakukasirikia, kwa sababu hukuwepo uone.

Kisha joto likarudi. Kazi ya Aprili naijua, ulinieleza mara nyingi: nyasi za baridi haziwezi joto, kwa hiyo unazikata chini na kuzinyima maji, ndipo zile za kiangazi zilizolala chini yake zipate nafasi ya kuamka. Na ulinieleza ulivyoboronga mwaka wako wa kwanza. Mtu wa Kabale, mvua kila kukicha, ungeinyimaje maji nyasi iliyo kijani? Ukaendelea kumwagilia hadi zikaoza, zikazisonga za chini, na familia nzima ikatazama matope kiangazi chote. "Nilizihurumia, zikaniaibisha," ulisema, na mimi nikacheka hadi nikashika ukuta.

Sasa nicheke wewe. Nilishika mpira wa maji nikashindwa kufunga bomba. Zile za juu nilizipanda mimi, naziona. Za chini ni zako, na sizioni. Nani ameniambia bado ziko hai? Niliendelea kumwagilia wiki nzima, na nilikuwa nalia, wacha niseme tu. Kisha zikaanza kutoa harufu, kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo, na nikasikia sauti yako waziwazi: zitakuaibisha, Njeri.

Nikafunga bomba. Nikazikata. Dereva akaniuliza kama niko sawa kichwani. Baba alisimama barazani akitazama, na kesho yake ile sampuli ya plastiki ilikuwa mezani sebuleni. Kila asubuhi Mama Kabira alichungulia dirishani kisha akanitazama mimi. Kulikuwa na makapi matupu, na mimi nilikuwa naogopa, si kwa ajili ya bustani ya watu.

Jana nilipiga magoti karibu na bomba, pale ulipokuwa unapenda kusimama, nikayafukua makapi kwa vidole. Nikakuta mzizi mgumu unaotambaa, na kwenye kifundo chake ncha ya kijani, ndogo kama ya sindano. Nikasogea. Nyingine. Nikaenda hadi langoni kwa magoti, na zilikuwepo, Kizito, njia nzima zilikuwepo. Nilimwita Mama Kabira kwa sauti ambayo haifai kupaziwa mzee. Alikuja na fimbo yake, akainama, akaangalia kwa muda. Kisha akaingia ndani, akaichukua ile plastiki mwenyewe, akaja kuitupa mlangoni pa jikoni. "Halas," akasema. Yamekwisha. Sasa plastiki ile tunafutia viatu.

Siku ile mtandao ulipokatika sikupata kukuaga, na sikutaka kukuaga kwa mdomo mtupu. Leo asubuhi nimelifungua bomba, nikavua buti zako, nikazimwagilia nyasi zako hadi maji yakanifika vifundoni. Kwaheri, kaka yangu. Lala. Oktoba nitapanda juu yake tena, na Aprili nitafunga maji mapema, hata roho iniume, maana sasa najua uko hapo chini.

Dada yako,
Njeri