Mjukuu Ameniandika Upande wa Mizigo

Jumamosi, masika. Hapa Mlali mvua imekatika tangu saa nne, lakini mlima wote bado umefunikwa na ukungu, huoni hata mashamba ya chini. Na mimi niko hivyo hivyo. Sijasema na mtu vizuri tangu asubuhi.

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Mnaonisoma hapa mnajua, na herufi zikikosewa mnyamaze. Leo sina hamu ya kusahihishwa. Nimeshasahihishwa vya kutosha.

Mjukuu wangu Rehema, anayesoma chuo kule Mazimbu, amekuja na kazi ya mwalimu wake. Eti wanajifunza kwa nini nyumba moja ikipatwa na jambo inasimama, na nyingine ikipatwa na jambo hilo hilo inabomoka. Mwalimu anasema jambo peke yake halibomoi. Utazame pia nyumba ina nini mkononi, na wenye nyumba wanalichukuliaje hilo jambo vichwani mwao. Kisha kila mwanafunzi akaambiwa aandike habari za kwao.

Nikamuuliza, hilo nalo la kulipia ada? Kila mwanamke aliyezaa analijua.

Akacheka. "Haya bibi, wewe ungeeleza vipi?"

Nikamwambia familia ni chandarua. Ukivuta pembe hii, ile pembe ya kule inachomoka, na mbu wanaingia kwa wote. Akaandika. Nikajiona na mimi mwalimu.

Jambo letu ni hili. Mkwe wangu Hamisi, baba yake Rehema, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa upande wa Turiani. Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakawa mazito mdomoni. Ndugu zake wakataka wamuuguze huko kwao, kwa zamu. Nikakataa. Nikasema mbele za watu kwamba mume wa binti yangu hawezi kuhamishwa nyumba hadi nyumba kama gunia. Shamba hili ni la ukoo wetu, limetoka kwa mama yangu na kwa mama yake, Zuhura binti yangu ana kwao, aje hapa na mumewe. Salumu, mdogo wake Hamisi, akatufuata na mfuko wa mchele. Nikamrudisha nao.

Nilitaka wajue hatujashindwa.

Tangu siku hiyo Zuhura anamwosha mumewe, anamgeuza, anamlisha, kisha anakwenda kulima. Na mimi? Mimi ni mama mkwe. Kwetu mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake wa kiume, hali naye, hamtazami usoni. Hiyo ni heshima, nimelelewa nayo, na sitaki mtoto wa mjini aje hapa chini kwenye maoni aniambie imepitwa na wakati. Muda wote huu mimi na Hamisi tunaongea kupitia kwa Zuhura, ukuta mmoja katikati. "Zuhura, muulize mwenzio kama amekula." "Anasema amekula mama, ahsante." Na nilishamsikia mwenyewe kwa masikio yangu, lakini nangoja mpaka Zuhura aniletee.

Jana mchana Rehema aliacha daftari wazi kwenye mkeka. Nikasoma. Ukurasa umepigwa mstari katikati. Huku ameandika nguvu tulizonazo, huku mizigo. Kwenye nguvu kuna shamba, kuna mama yake, kuna majirani. Hata mbuzi yupo. Mbuzi! Nikatafuta jina langu.

Nimo kwenye mizigo.

Ameandika hivi: Bibi. Kila kitu lazima kipitie kwa mama. Alifukuza msaada.

Nilimfokea. Nikamwambia mimi nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, leo mbuzi ananishinda? Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, "Bibi, mbuzi tunamkamua."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Leo asubuhi Zuhura alikuwa anamnyanyua Hamisi amweke kwenye kiti, kiuno kikateguka. Nilisikia sauti yake. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Rehema akamshika mama yake, wakapanda bodaboda kwenda zahanati. Nikabaki mimi na Hamisi.

Nilikuwa jikoni, nimebandika chai. Akaita. Kwanza aliita jina la mkewe, nikajua hakuelewa kwamba wameondoka. Kisha akasema, maji. Nikatoka nje kutafuta mwanamume yeyote. Jirani alikuwa shambani. Nikarudi, nikasimama mbele ya pazia la chumba chake, mkono juu ya pazia. Akaita tena, kwa sauti ndogo zaidi. Nikasema moyoni, Zuhura atarudi sasa hivi.

Chai ilichemka mpaka ikakauka. Nilisikia harufu ya majani yanaungua, nikaenda kuepua sufuria, nikarudi kusimama pale pale.

Naandika hivi hivi ilivyokuwa, nisije kesho nikajidanganya kwamba ilikuwa dakika moja.

Na kilichoniingiza ndani si huruma. Alinyamaza. Nikaogopa.

Nilipoingia akajifunika uso kwa shuka, kwa ule mkono wake mzima. Mtu ana kiu, midomo imempasuka, na bado ananistahi. Nikamwinua kichwa, nikamshikia kikombe, mimi natazama ukuta, yeye amefumba macho. Alikunywa vikombe viwili. Mengine yakamwagika kifuani, nikayafuta kwa kanga yangu.

"Mama," akasema kwa ule ulimi mzito, "nisamehe. Najua... hukunitaka hapa."

Hukunitaka! Mimi niliyegombana na ndugu zake wote ili aje. Lakini nilipotafuta neno moja nililowahi kumwambia yeye mwenyewe tangu aletwe, sikulipata. Mimi upande wangu wa ukuta nilikuwa namheshimu. Yeye upande wake alikuwa anahesabu kimya changu, na alikielewa kama mtu yeyote angekielewa.

Nikamfokea, maana hiyo ndiyo lugha ninayoiweza. "Nyamaza unywe. Nani kakwambia hutakiwi? Ungekuwa hutakiwi ungelala hapa?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Au alilia. Sikumtazama.

Zuhura amerudi mchana. Nesi amesema asinyanyue kitu, hata ndoo ya maji, mpaka kiuno kipone, na akikaidi atalala chini kama mumewe. Sasa amejinyoosha kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani. Ameniambia neno moja: "Mama, nimechoka." Nimemlea, nimemwoza, nimempokea na mgonjwa wake, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha asiseme.

Rehema hajaniambia kitu. Afadhali angenisema.

Maji nimempa Hamisi na nitampa tena. Chakula nitampelekea mwenyewe, na tutasalimiana. Lakini kumwogesha mkwe siwezi, na binti yake hawezi, na msinitukane, kuna mahali mtu hafiki. Anahitaji wanaume wa damu yake. Na hao niliwafukuza mimi, kwa mdomo huu.

Baada ya sala ya alasiri nimempigia Salumu. "Shikamoo mama," akasema. Adabu yake iko pale pale. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumzungusha, nianze na hali ya mvua, nije kwenye mpunga wao. Yote yakapotea.

"Salumu, nilikosea. Zuhura ameumia. Njooni tumuuguze Hamisi pamoja."

"Mama, ulinirudisha na mchele mbele ya watoto."

"Nilikurudisha."

Akasema, "Nitaongea na kaka zangu. Nitakupigia."

Hajapiga. Magharibi inakaribia, na kwenye simu hakuna kitu.

Asipopiga, asubuhi napanda gari la Turiani peke yangu. Nitabisha hodi mlangoni kwao, watoto wao wakinitazama, na nitalisema tena lile neno. Nimeshalisema mara moja na sijafa.

Naandikia simu hii hii, sina nyingine. Akipiga sasa hivi maandishi haya yatakatizwa katikati.

Yakatizwe.