Sato wa Kijito cha Idete

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Ifakara. 10 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi.
Jina: Theodosia Lukelo. Umri: miaka 46. Kazi: mvuvi na muuza samaki. Dini: Mkristo. Makazi: Idete.

Nimeitwa, sikujileta. Nimeulizwa ninachojua kuhusu shemeji yangu Egidius, mdogo wa marehemu mume wangu, aliye mahabusu hapa tangu juzi kwa tuhuma ya kumwaga sato mtoni bila kibali.

Mwaka 2021 tulichimba mabwawa mawili nyuma ya nyumba zetu, langu na lake, tukafuga sato. Mwezi Novemba bwana samaki, yaani afisa uvuvi, alikuja akasema hao ni samaki wa kuja, wakiingia mtoni watawamaliza perege wetu. Akatuamuru tukaushe mabwawa, wakubwa tuwauze, vifaranga tuwazike. Egidius alitii, kisha akapandikiza kambale. Ndiyo maana bwawa lake lina maji hadi leo na kila kidole kinamwelekea yeye.

Mnamo tarehe 20 Novemba 2021, saa 12:30 asubuhi, nilikausha bwawa langu. Vifaranga walijaa ndoo mbili. Nilichimba shimo, nikashindwa kuwazika. Sisi watu wa mto tumelelewa hivyo: samaki mchanga akinasa anarudishwa majini, anayemuua anajikatia riziki. Baba alinichapa kwa hilo nikiwa na miaka saba. Basi shimo nikalifukia tupu ili majirani walione, ndoo moja nikajitwisha, nyingine mkononi, nikaenda kijitoni, nikawamimina taratibu. Nilijiona mtu mwema. Mjinga mkubwa mimi.

Nikirudi, saa 1:15, nilikutana na Egidius kwenye njia ya kijitoni. Akaziangalia ndoo zinazochuruzika maji. Nikamwambia, "Nimeshawazika." Akajibu, "Haya, shemeji," akaenda zake.

Mwaka 2023 nilipata sato wa kwanza wavuni. Mwaka uliofuata walikuwa nusu ya wavu. Sasa perege ni wa kutafuta kwa tochi. Sato wanawafukuza kwenye maji mafupi wanakochimba viota vyao. Wengine wamezaana nao, tunavua samaki ambaye si perege si sato, na wateja wangu sokoni wananiuliza, "Mama, huyu ni nani?" Nawajibu sijui. Najua sana. Kila nikivuta wavu natamani uje mtupu.

Tarehe 8 Machi 2025, saa 4:00 asubuhi, wavuvi tulikutana ukingoni. Mwenyekiti wetu, Damiani, akauliza nani aliwaachia sato. Shimo langu wote walikuwa wameliona siku ile. Wakamgeukia Egidius. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Alipokamatwa alinipa kofia yake nimshikie, nikaipokea. Tangu hapo sijala.

Afande ameniambia naweza kuishia hapa, kwa kuwa nimeitwa kama shahidi tu. Nimekataa. Aliyewamwaga ni mimi. Naomba Egidius arudi kwa watoto wake leo.

Nimesomewa maneno haya. Ni yangu, na nayasimamia hata yakinifunga.

Sahihi: Th. Lukelo

Yameandikwa nami, Koplo Nassib, na kumalizika saa 5:40 asubuhi. Nimemwonya shahidi kuwa kuanzia sasa ni mtuhumiwa, anabaki kituoni. Egidius hajaachiwa. Jana saa 10:00 jioni alikiri kwamba vifaranga aliwamwaga yeye, peke yake, na leo amekataa kubadili kauli.