Msumari Ndani ya Chai ya Mzizi

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai moyo haukusumbui tangu utoke hospitali. Mimi sijambo, ni macho tu yanauma kwa kuinamia darubini.

Uliuliza huku maabara wananilipa kwa kazi gani. Tunachunguza mzizi mwekundu ambao Wachina wameuchemsha karne nyingi kutibu moyo. Mwili ukitumia hewa, hubaki masalia yanayochakaza moyo kama kutu inavyokula chuma. Mzizi huu unayazima. Panya waliopewa mzizi, mioyo yao iliumia kidogo kuliko ya wenzao. Nimefurahi mno, Baba.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, isipokuwa baiskeli za watu.

Fundi baiskeli hafundishwi kutu, ila mimi siamini mpaka nione. Mzizi nimeupata duka la dawa za Kichina, nyuma ya soko. Nikachukua misumari miwili, mmoja nikautia kwenye maji, wa pili kwenye chai ya mzizi. Wa maji umeota kutu. Wa mzizi umekuwa mweusi tii, kutu hamna.

Basi nakunywa kikombe asubuhi na kingine jioni, pamoja na vile vidonge vya kuzuia damu isigande. Mama yako ananiita mkaidi. Mwambie wewe msomi.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari nyingine baadaye. Acha mzizi leo hii. Panya wangu hawakuwa wanameza vidonge vyako. Ukichanganya, mzizi unavizidishia nguvu, na damu ikianza kutoka haikatiki. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako. Nenda hospitali wakupime damu, na uwaambie ulichokunywa.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua nampa dereva wa basi akuletee mkononi. Naogopa, Baba.

Binti yako

7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya, na kwa mwandiko. Mkono wa kulia umefungwa bandeji.

Dereva alinikuta karakana nimejikata kidole kwa spoki. Kidonda cha kupuuza, lakini mama yako alikuwa ameshalowanisha taulo la pili na damu haisikii. Alisoma barua yako kwa sauti, palepale, na dereva akatukimbiza hospitali kwa basi lake, abiria wakinung'unika. Wamenilaza, damu imetulia, kesho narudi nyumbani. Daktari aliuliza nani alinishauri kunywa mzizi. Nikamjibu hakuna.

Najua utajilaumu kwa yale maneno ya kutu. Acha. Msumari ulikuwa wa kumnyamazisha mama yako tu. Mimi nilishaanza kunywa siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika. Ni kazi ya mikono yako, ningeiachaje?

Endelea na panya wako. Ila safari nyingine, mwanangu, chunguza kitu kisichonyweka.

Baba yako