Sauti ya Mzee Kipara

Afande wangu,

Ni mimi, Furaha. Fulaha, kama ulivyoniita miaka yote, maana ulimi wako na zile r na l havikuwahi kupatana. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili nimezichana kwa sababu zilianza kwa uongo, nikikuambia kwamba huku kila kitu ni shwari.

Si shwari. Kesho asubuhi redio itaanza kupiga wimbo wa Mzee Kipara, na anayeimba humo si wewe. Ni mimi. Nimeona nikuambie mwenyewe jinsi ilivyokuwa, kabla hujasikia kwa watu. Najua aliyelala hasikii kwa watu. Niache tu niandike hivyo.

Miezi minne imepita tangu tukuzike Masaka. Katuni yetu bado inaonyeshwa kila Jumamosi, vipindi vya zamani, na watoto hawajui kwamba umeondoka. Wakimwona kaloli, yule korongo mkubwa wa jalalani, amesimama juu ya pipa na kichwa chake kisicho na nywele, bado wanampigia kelele, "Mzee Kipala, shikamoo!" Hawasemi Kipara. Ulipomtolea sauti katika kipindi cha kwanza kabisa ulijitambulisha hivyo, Denis, mwongozaji wetu, akataka urudie, ukakataa. "Mimi ni polisi," ulimwambia, "polisi hasemi mala mbiri." Ulikuwa umestaafu zamani, lakini nani angekubishia? Watoto wa mji mzima wakasema Kipala.

Huu wimbo ulianza na barua ya nesi mmoja wa wodi ya watoto walioungua. Aliandika kwamba wakati wa kubadilisha bandeji huwawekea watoto katuni yetu kwenye simu, na wako wanaonyamaza Mzee Kipara akianza tu kuongea. Akaandika pia kwamba mama zao hulala sakafuni, chini ya vitanda, wiki baada ya wiki, ingawa nyuma ya wodi kuna kiwanja kidogo ambapo wangeweza kujengewa chumba. Hakuomba kitu. Alikuwa anashukuru tu. Lakini unamjua Denis, akishika jambo halali. Kesho yake alikuja studio na wimbo umeshaandikwa. Chura anaimba, mbuzi Beti anaimba, Mzee Kipara anaitikia, na kila anayeununua anachangia chumba cha wale akina mama. Kiitikio ni chepesi: "Usilie, kesho utacheza."

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Sauti ya Chura ni ya Denis, ya Beti ni yangu. Kisha nikauliza, "Na Mzee Kipara?"

Denis akageukia dirishani, kule magari ya Ntinda yanakopigiana honi kutwa nzima. "Nimepata mtu wa kompyuta," akasema. Alikuwa amempa vipindi vyetu vyote, na kompyuta ikajifunza sauti yako mpaka ikaweza kuimba maneno ambayo hukuyaimba. Akaniwekea nisikie. Afande! Ilikuwa wewe. Ilikuwa wewe uliyepigwa pasi.

"Lakini lazima mjane aruhusu," Denis akasema. "Wewe ulikuwa mtoto wake. Nenda kwake Kibuli."

Sikumwambia kwa nini sikutaka kwenda. Yeye alijua nusu tu. Wewe nikuambie yote.

Ulipolazwa, kifua kilipokubana, kipindi kimoja kilikuwa kimebakiza sentensi tano za Mzee Kipara. Tano tu. Denis akaniambia, "Zijaribu wewe, nani atajua?" Na mimi niliweza. Si ulinikuta sokoni Kikuubo, msichana wa Bukavu anayeuza vitenge na mama yake, nikiita wateja kwa sauti ya kila mnyama ninayemjua! Ulikuja kumnunulia mkeo, Mama Hadija, kitambaa cha Idd, ukasimama pale ukinisikiliza mpaka nikaona aibu, kisha ukauliza, "Wewe mutoto, hiyo mbuzi imetoka wapi?" Miaka tisa nimesimama kando yako mbele ya kipaza sauti. Nilijua kila mkwaruzo wa koo lako. Nikazisema zile tano kwa sauti yako, bila kukuomba, zikaenda hewani. Hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilifika geti la hospitali mara mbili na mfuko wa machungwa. Mara ya kwanza nilijiambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, kumbe bado. Mara ya pili sikujiambia kitu. Nilimpa machungwa mama mmoja aliyekuwa ameketi pale, nikageuka. Nilisema nitakuja ukipata nafuu kidogo. Jumanne ukatutoka.

Basi nilikwenda Kibuli Ijumaa, baada ya swala, boda ikipanda kilima na watu wakishuka na kanzu zao. Mama Hadija alinipokea vizuri. Vizuri mno, nikaogopa zaidi. Akaniwekea chai na kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi, akanifukuzia nzi. Nikamweleza habari ya wodi, ya akina mama, ya kompyuta. Akasema nimwekee asikie.

Alisikiliza mara tatu, simu ameibana sikioni kama anaongea na mtu aliye mbali. Kompyuta ikaimba, safi kabisa, "Usilie, kesho utacheza."

"Huyu si mume wangu," akasema. "Mume wangu alisema usirie. Miaka thelathini na mbili nimeishi naye, usirie. Na huyu hapumui. Mtu gani anaimba hapumui?"

Nikasema labda Denis anaweza kurekebisha. Akanirudishia simu.

"Wewe ulipomwigiza ulipumua," akasema, "ila mahali pabaya."

Nikakitua kikombe. Nikamuuliza mlijua lini. "Siku ileile. Televisheni ya wodi ilikuwa mbele ya kitanda chake." Nikamuuliza kama ulikasirika. Hakunificha. "Siku mbili. Hata uji alikataa. Siku ya tatu akaniambia, huyu Fulaha anapumua mahali pabaya, akija nitamwonyesha." Akapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Basi kila saa ya wageni ikikaribia, ananiambia nimwinue nimwekee mto."

Afande.

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani nikiingia utaniangalia tu na yale macho ya paredi. Kumbe ulikuwa umeketi, unasubiri kunifundisha.

Nililia pale sebuleni kama mtoto. Nikamwomba mkeo msamaha, akasema, "Mimi nikusamehe nini? Hukunikosea mimi. Kunywa chai." Sikujua kama hilo ni jibu jema au baya, na mpaka leo sijui. Baadaye akasema mashine hataki, hata kama ni kwa ajili ya watoto. "Imba wewe."

"Na nikishindwa?"

"Basi Mzee Kipara anyamaze. Kwani watu hawanyamazi?"

Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa anaketi vizuri. "Anza," akasema. Nikaanza. "Hapana. Hapo alikuwa bado. Ngoja, ngoja… sasa." Mkeo hajawahi kuingia studio, lakini amelala kando ya kifua chako miaka yote hiyo. Alijua ulikuwa unavutia pumzi katikati ya neno, si mwisho wake, ndiyo maana Mzee Kipara siku zote alionekana kama amepanda ngazi na mizigo. Mimi nilidhani ni ufundi. Kumbe lilikuwa pafu lako bovu. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Aliponisindikiza mlangoni alisema tu, "Afadhali," na hakutabasamu.

Studio ilikuwa mateso. Tulifunga madirisha kuzuia honi, tukaiva kwa joto. Sauti ya Beti niliimaliza mara moja, lakini nilipogeuka kuwa Mzee Kipara nikakwama. Mara ya kwanza nilikuwa mimi ninayekohoa. Mara ya pili nilikuwa mchekeshaji wa harusini. Mara ya tano niliimba vizuri, Denis akanionyesha dole gumba, na mimi ndiye niliyekataa, maana nilisikia "usilie" ya shuleni, imenyooka kama rula. Nikajaribu kuikosea nikaona nakudhihaki wewe mwenye ulimi wako. Ulifanyaje, Afande? Wewe hukuwa unakosea. Ulikuwa unaongea.

Mara ya tisa mawingu yalikuwa yameshafunga, na unajua bati la pale mvua ikianza hakuna kazi. Denis akasema, "Furaha, moja ya mwisho." Sikufikiria r wala l. Niliwafikiria wale akina mama chini ya vitanda, nikavuta pumzi pale mkeo aliponionyesha, nikaimba. Kisha mvua ikapiga bati tukashindwa hata kusikilizana. Ndiyo hiyo tuliyoichukua. Si nzuri kuliko zote. Ndiyo iliyokuwepo.

Denis alitaka wenye wodi wausikie kwanza kabla ya mtu mwingine. Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Afande, safari hii niliingia. Kuna harufu ya dawa na ya ngozi ambayo sitakuandikia. Nesi alimweka mbele yetu msichana wa kama miaka sita, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwiko, chai ilimmwagikia. Mama yake alikuwa amemshika mabega kwa nyuma. Denis akaweka wimbo. Chura akaimba, mtoto akacheka. Beti akaimba. Halafu akaja Mzee Kipara, na uso wa mtoto ukabadilika. Akainamisha kichwa. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mzee Kipala ana mafua," akasema.

Denis alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mumpe tangawizi," mtoto akasema. "Rudisheni."

Tukarudisha. Nesi akaanza kufungua bandeji. Nataka nikuambie kwamba hakulia, lakini alilia, alilia sana, wimbo hauzuii maumivu, na mama yake alilia naye. Ila kila ulipoisha, kati ya kilio na kilio, alisema tena "rudisheni," na tukarudisha mpaka mikono ikafungwa upya. Nilipokuwa natoka aliniuliza kama Mzee Kipala atapona. Alidhani mimi namjua, basi. Nikamwambia sijui. Akakubali kwa kichwa, kama mtu mzima.

Mama Hadija nilimwekea wimbo juzi. Aliusikiliza mara moja. Akasema, "Huyu ni mtu mwingine, lakini ni jamaa yake." Kisha akaweka kidole chake cha gumba chenye wino kwenye karatasi ya ruhusa ya Denis, maana alisema jambo zito kama hili hawezi kulitia sahihi tu. Akaniambia kesho saa mbili asubuhi niende kwake tusikilize redio pamoja.

Denis anataka niwe Mzee Kipara wa vipindi vipya pia. Sijamjibu. Naogopa kesho mzazi mmoja atapiga simu redioni aseme mwanawe amekataa, huyu siye. Naogopa pia wasipogundua, wote, hata mmoja wao asigundue, maana hapo ndipo utakuwa umekwenda kweli. Sijui lipi baya zaidi. Nimelizungusha hili kichwani wiki nzima na halina mahali pa kushika.

Samahani kwa zile sentensi tano. Samahani kwa mto. Hilo la mto ndilo nimekuwa nikizunguka kuliandika tangu juu.

Jumapili nitakuja Masaka. Siku ya mazishi tulikuja kwa gari la kukodi, sikushika njia, lakini mkeo amenichorea kutoka stendi mpaka kwenye migomba yenu. Nitakaa kando yako nikuambie watoto walisemaje, zuri na baya, bila kukufichia. Na jibu la Denis nitalitoa nikishatoka kwako, si kabla. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Afande. Tuonane Jumapili.

Fulaha wako