Shemeji Kaupa Uwanja Wetu Sita

Jumapili, Julai 2011. Mayfair, Johannesburg.

Baridi ya leo inapasua midomo. Jua lipo, limewaka tangu asubuhi, lakini halina msaada wowote, linatuangalia tu. Nimevaa soksi mbili, nimejifunga kanga juu ya sweta, na bado natetemeka. Sehemu ya kutetemeka huko ni hasira.

Naandika hapa kwenye kompyuta kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia, "Mama Saumu, punguza sauti."

Shemeji Idrisa, kaka mkubwa wa mume wangu, yuko kwetu wiki ya pili. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ilipita, ya nne ikapita, na jembe hajaliona. Anatoka Marekani. Ukisema hivyo anakusahihisha: Marekani ni kubwa, shemeji, sema mji. Basi miji yake ni Houston, Denver, Phoenix, Pittsburgh, Minneapolis, Dallas, na kila mji kwake ni uwanja wa michezo. Hana habari ya soko la huko, wala msikiti, wala jirani. Mwulize Denver kukoje, atakwambia uwanja.

Na anavipa maksi. Houston paa linafunguka na kufungwa, nane na nusu. Phoenix wanazitoa nyasi zote nje zikaote jua, kisha wanazirudisha ndani kama trei ya mikate, tisa. Pittsburgh ukikaa upande mzuri unaona mto na madaraja, nane. Minneapolis wamejenga wa besiboli usio na paa, na kule theluji huweza kuanguka mpaka mwezi wa nne, saba. Dallas kuna televisheni imening'inizwa juu ya uwanja, ndefu kuliko mtaa wetu. Dallas ni kumi. Dallas ndio baba lao.

Haya yote tunayasikia wakati wa chai, wakati wa chakula, na wakati mimi nataka kusikiliza taarifa ya habari.

Ningevumilia. Mimi sina ugomvi na viwanja. Lakini mume wangu Mbaraka anamsikiliza kaka yake kinywa wazi, na hapo ndipo maneno ya mgeni yalipogeuka kuwa mambo yangu.

Mbaraka ni fundi wa makarapa. Kwa asiyejua, karapa ni ile kofia ngumu ya mgodini ambayo mashabiki wa hapa huvaa uwanjani: inakatwa, inachongwa pembe na nyota na mtu anayepiga mpira, halafu inapakwa rangi za timu. Mwaka jana, wakati wa Kombe la Dunia, karakana yetu ya uani haikupumzika. Mashine ya kukatia ililia mpaka jirani akaja kulalamika, na jirani huyo huyo akaondoka na kofia mbili. Mwaka huu rangi zinakaukia makoponi. Mbaraka anakwenda Newtown kuuza, anarudi na kofia zile zile, anazipanga upya kana kwamba shida ilikuwa mpangilio.

Basi kaka akamwambia: njoo Marekani, mdogo wangu, nitakuingiza kwenye mambo ya viwanja.

Mambo gani? Mambo ya viwanja. Nimeuliza mara nyingi na jibu ni hilo hilo.

Mpango wao ni kwamba Mbaraka auze mashine na vifaa vyote, atangulie, halafu mimi na binti yetu Saumu tufuate mambo yakikaa sawa. Hapa Mayfair ninawajua wanawake wanaosubiri mambo yakae sawa tangu watoto wao wako mgongoni, na sasa watoto hao wana ndevu. Mnunuzi ameshapatikana, Papa Didier, Mkongo anayetengeneza mabango. Anakuja kesho asubuhi na gari lake kuibeba mashine.

Kesho. Ndiyo maana leo sina subira.

Leo tulikwenda kwenye uwanja mkubwa, ule ulioko karibu na Soweto ambao kwa nje umefanana na kibuyu. Wazo lilikuwa la Mbaraka. Alitaka kaka yake auone kabla hajaondoka, na nadhani alitaka na yeye mwenyewe auone, maana mwaka jana mechi zote alikuwa nje. Aliuza kofia kwenye uzio, kelele za bao zikapita juu ya kichwa chake, akajua matokeo kwa kuangalia nyuso za watu wakitoka. Hatukuwa na tiketi. Leo tulilipia kutembezwa ndani.

Alipotoka kwenye ule ujia wa giza na kuona viti vile vya rangi ya machungwa vimemzunguka pande zote, mume wangu alisimama akavua kofia yake ya sufu. Nilimwona macho yamelowa na nikafurahi nimekuja.

Shemeji akasema, "Siyo mbaya. Kwa Afrika. Sita."

Mbaraka akacheka, kicheko cha mdogo mtu.

"Sita kwa nini, bro?"

"Ngazi zimesimama mno. Halafu angalia nafasi kati ya safu na safu, utapitaje hapa? Minneapolis viti vinajikunja vyenyewe, unapita raha. Pittsburgh wameweka mifereji kila safu, maji hayasimami. Hapa maji yakimwagika juu yanakuja mpaka chini."

Nikajiuliza: maji? Maji gani hayo mtu anayamwaga juu ya viti kwenye mechi? Nikaliacha lipite. Nilikuwa nimeshika mkono wa Saumu, aliyekuwa akiniuliza kwa Kiingereza lini tutakula.

Kisha tukapita kwenye safu moja ya juu ili tupige picha. Shemeji alitangulia, anaongea, mikono inapepea hewani akituonyesha televisheni ya Dallas ingefika wapi. Na huku anaongea, goti lake la kulia likawa linafanya kazi yake peke yake. Kiti, goti, kiti kinainuka. Kiti, goti, kiti kinainuka. Kila alipopita aliacha safu imekunjwa vizuri. Hakuangalia chini hata mara moja. Mwisho wa safu alipapasa chini ya kiti cha mwisho kwa kidole, akaguna, akajifuta kwenye suruali.

Nililijua goti lile.

Mama yangu alikuwa mfagiaji wa sinema moja Tanga. Watu wakitoka, yeye ndiye aliyeingia, fagio mkono huu na kizoleo mkono huu, na kwa sababu mikono imejaa, viti aliviinua kwa goti. Nilikuwa nikikaa mlangoni namngoja na kusikia viti vikigonga safu hadi safu, mpaka amalize. Kwa goti hilo nimesoma. Kwa goti hilo nimevaa sare na viatu. Mpaka leo akiingia mahali penye viti vya kukunja, mguu unamwinuka.

Hakuna shabiki anayetembea hivyo.

Na ndipo maksi zote zikanijia upya. Ngazi, mifereji, nafasi ya kupita, theluji ya mwezi wa nne. Wiki mbili mtu anatuhesabia viwanja vya Marekani na hajataja mchezaji mmoja wala bao moja. Nilitaka kuita pale pale, mbele ya mtembezaji na watalii wake, "Shemeji, mechi gani uliyoiona Dallas?"

Sikuita. Kwetu mtu husitiriwa. Mgeni ukimvua nguo mbele za watu, umejivua na wewe, na mume wangu alikuwa bado ameshika kofia yake mkononi. Nikameza. Njia nzima ya kurudi, ndani ya bakkie, ile pikapu ya jirani, niliangalia nje tu, na Mbaraka akadhani nimenuna kwa sababu ya baridi.

Tulipofika, Mbaraka alimpeleka Saumu madrasa, akapitiliza msikitini kwa alasiri. Shemeji alisema ana mafua, atasali nyumbani. Nikamwachia asali. Alipomaliza nikamwekea chai, nikakaa mbele yake.

"Shemeji," nikamwambia, "mama yangu alikuwa akifagia sinema."

Akaniangalia bila kuelewa.

"Viti aliviinua kwa goti. Kama wewe leo."

Aliweka kikombe chini. Nilitegemea akatae, nami nilikuwa tayari. Hakukataa. Alitazama goti lake kama mtu aliyechongewa na mtoto wa nyumbani.

Akaniambia. Kuna kampuni, inawahamisha mji kwa mji. Kabla ya msimu wanaosha viti kwa mashine ya maji ya kasi. Msimu ukianza, mechi ikiisha na watu wakitoka, wao ndio wanaingia. Dallas mechi aliisikia tu. Walikuwa chini, kwenye chumba cha mapipa, wanangoja zamu.

Nilimwonea huruma kwa muda mfupi sana. Kisha hasira ikarudi na wenzake.

"Kwa nini hukumwambia hivyo mdogo wako?"

"Shemeji, yule nimemfundisha mimi kuendesha baiskeli. Nimwambie nimevuka bahari kwenda kuokota makopo?"

"Na akifika huko?"

"Akifika atazoea. Kazi si mbaya. Inalipa."

"Kama si mbaya, iseme."

Akakizungusha kikombe mezani.

Hapo nikamwambia yote. Kwamba mimi kazi ile siidharau, imenilea. Anayeidharau ni yeye, na kwa kuidharau kwake anataka mume wangu auze mkono wake wa kulia akaikute huko ng'ambo, hana nauli ya kurudi, hana mashine ya kurudia. Kwamba mama yangu alitoka kwenye ile sinema na vumbi kichwani, akapita sokoni, akasalimiana na kila mtu kwa jina. Kwamba kumsitiri nimemsitiri leo uwanjani, na sitara yangu inaishia kesho asubuhi gari la Papa Didier likisimama mlangoni.

"Mficha uchi hazai, shemeji. Mwambie wewe. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi sina ulimi wa asali."

Akasema, "Wewe mkali."

Nikamwambia ndiyo.

Baada ya maghribi wameingia karakana wote wawili. Kutoka dirisha la jikoni naiona nusu ya mlango. Nilimwona shemeji amekaa juu ya ndoo ya rangi, kichwa chini, na Mbaraka amesimama na brashi mkononi, haisogei. Sikusikia neno. Nilijifanya naosha sufuria, na nimeiosha mpaka mpini umelegea. Baadaye shemeji akainuka, akachukua fagio lililoko kwenye kona, akaanza kufagia vipande vya plastiki sakafuni. Mbaraka hakumkataza. Alimtazama tu, safu kwa safu.

Kisha Mbaraka akaja mlangoni kwangu, vidole vina rangi ya dhahabu.

"Mpigie Papa Didier," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine ina kazi."

Haina. Sote wawili tunajua haina. Karakana imejaa kofia zisizo na wenyewe, na msimu wa ligi bado haujaanza. Lakini alilisema kama mtu anayeweka mguu chini, na mimi nilikausha mikono nikachukua simu.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nimejua leo, uwanjani."

"Na hukusema mbele za watu."

"Sikusema."

Akaniangalia kidogo. Akanigusa bega, akaniachia rangi kwenye kanga, akarudi zake uani. Nimelia pale kwenye sinki. Nililia kwa hasira zaidi kuliko furaha, maana mtu anaweza kukubomolea nyumba kwa televisheni ya Dallas na usijue mpaka umwone anavyotembea.

Papa Didier ameghadhibika. Amesema maneno ya Kifaransa ambayo nashukuru siyajui, akamalizia na "eish, mama, sharp," yaani haya basi, akakata simu.

Tumekula chakula cha usiku. Wali, maharage, mchicha. Mbaraka alimwekea kaka yake mchicha bila kuulizwa, na shemeji akaula wote, yeye ambaye wiki mbili alikuwa akituambia Houston mchicha unakuja umekatwa tayari. Bado sijamsamehe. Sisemi sitamsamehe, nasema bado. Mtu aliyekuwa radhi mdogo wake atangulie gizani ili yeye asione haya, huyo si wa kusamehewa kwa sahani moja ya wali.

Tulipokuwa tunatoa vyombo alikohoa, akasema huku anaangalia meza, "Shemeji, ule uwanja wenu. Nadhani nilikosea. Niupe saba."

"Nane," nikamwambia, "au ukalale hotelini."

Mbaraka akacheka. Safari hii kilikuwa kicheko chake mwenyewe.

Umekuwa nane. Sasa nazima kompyuta, vidole vimekufa ganzi. Kukicha, kabla hajaomba chai, shemeji atakabidhiwa lile fagio. Jembe lake limechelewa wiki nzima na zaidi, lakini ufundi anao.