Bwawa la Juu, Mfereji wa Chini

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya mgao wa maji. Nimeamka mapema, mitungi imepangwa, mfereji wa jikoni unakohoa hewa tupu. Hapa mtaani Komarock presha ya maji ni ndogo. Katika ploti yetu, jengo la wapangaji, anayekaa chini hupata kwanza. Mimi na Mama tuko ghorofa ya tatu. Juu yetu, ya mwisho, ni Mzee Barasa, karani mstaafu wa reli, peke yake na goti lake bovu. Yeye hupata mwisho, au hapati.

Ofisini kwetu, wizara ya maji, fahari. Mkurugenzi amepitisha Kifungu cha Saba cha makubaliano ya mto, na kila neno lake ni langu. Kinahusu bwawa letu la juu kwenye mto tunaogawana na jirani zetu wa kusini: ukame ukidumu na bwawa likashuka chini ya nusu, lango halifunguliwi hadi lijae. Tujaze kwanza, kisha tuwape. Kamati ya pamoja ya nchi mbili inakutana kesho, nami ndiye nitakayekitetea. Mimi, mtoto wa Komarock, mwenye mkataba wa kazi unaoisha mwezi huu.

Jumanne, 4 Februari

Nilikitetea. Mvua inanyesha kwetu, ukuta wa bwawa tumejenga sisi, na mwenye nyumba hashibishi jirani kwa kulaza wanawe njaa. Nilitaja sheria za mito ya mabara matatu bila kutazama karatasi.

Kiongozi wa wajumbe wa kusini, Bi Neema, alisikiliza huku amekunja mikono. Akauliza swali moja, kwa Kiswahili laini mno: "Kaka, na likichukua miaka kujaa, sisi tunywe nini?"

Nikamjibu kwa hoja ya mamlaka ya nchi. Vijana wa upande wetu wakapiga meza.

Ushindi. Wenzangu wakanipeleka soko la nyama la Burma, tukala hadi vidole vikateleza. Lakini swali lake sikulijibu. Najua sikulijibu, na naudhika kwamba najua.

Jumatano, 5 Februari

Mgao tena. Maji yalifika ploti, hayakupanda.

Kabla ya ukame tulikuwa na utaratibu. Kila nyumba mitungi miwili, unafunga mfereji, maji yanapanda kwa anayefuata. Yakibaki, duru inaanza upya. Siku ya maji haba duru ilikuwa moja tu, lakini ilifika hadi kwa Mzee Barasa. Kisha tukaingiwa na hofu, kila mtu akaanza kuweka akiba. Sasa Mama Achieng' wa chini, muuza samaki, amenunua mapipa mapya na kuyaunganisha na mfereji wake kwa mpira. Nilishuka ngazi nikiwa nimekwisha kupanga hoja.

"Prof," akanipokea kwa jina walilonipa plotini kwa ubishi wangu, "mimi najaza kwanza. Zikijaa nafunga, mpate. Kwani hii mfereji ni ya nani?"

"Na yakichukua siku nzima kujaa, sisi tunywe nini?"

Nikakoma hapo. Swali halikuwa langu, lilikuwa la Bi Neema. Na lile alilosema yeye lilikuwa Kifungu cha Saba, bila mabara matatu.

"Umenyamaza? Wewe?" Akacheka hadi akashika pipa. "Leo lazima mvua inyeshe!"

Nikapanda na mitungi mitupu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika upya. Lango lisifungwe kabisa. Kila mwezi tuteremshe sehemu ya maji yaliyoingia bwawani mwezi huo: yakiingia mengi, mengi, yakiingia haba, haba. Tusiahidi kiasi ambacho mbingu haikutoa. Nao watutangazie wazi wanachoteka.

Mkurugenzi alisoma nikiwa nimesimama. "Kijana, unataka kujipinga mbele ya wageni? Kifungu kimepita. Kesho kinatiwa saini." Akanikumbusha mkataba wangu unaisha lini.

Naogopa. Niliandike bila mapambo: naipenda kazi hii kuliko chochote nilichowahi kupewa.

Nilimweleza Mama. Hakuacha kuchambua mboga. "Umebishana na ploti nzima," alisema. "Aliyekuwa amebaki ni wewe mwenyewe."

Ijumaa, 7 Februari

Niliinua mkono kabla ya kalamu kuinuliwa.

Nilikibomoa Kifungu cha Saba kwa ufasaha ambao upande wa pili haukuufikia, maana kila nguzo yake niliisimamisha mimi. Ukame haujazi bwawa, nilisema. Anayesubiri lijae ndipo atoe, ameshaamua kutotoa. Mhandisi wetu mkongwe akauliza umeme utakuwaje. Nikamjibu: maji yateremkayo kidogo kidogo huzungusha mitambo yakipita, yaliyofungiwa hayazungushi kitu. Akaniuliza tena. Nikamjibu tena. Bi Neema akakubali watatangaza wanachoteka.

Mkurugenzi aliomba mapumziko. Yalikuwa marefu. Aliporudi, alisema kifungu kipya kitajaribiwa kiangazi hiki. "Andika wewe," akaniambia, bila kunitazama. Mkataba wangu hakuutaja.

Mlangoni Bi Neema alinisimamisha. "Kaka, Jumanne ulinitesa." Basi, akaenda zake.

Nina fahari. Kubwa kuliko ya Jumanne, na leo hakuna aliyepiga meza.

Jumapili, 9 Februari

Mgao, baada ya kanisa. Jana nilimwomba Mama Achieng' turudie duru ya zamani. Tulibishana mbele ya mapipa yake hadi samaki wakaanza kuungua. Sikumshinda. Alisema tu, "Tujaribu kesho. Kesho peke yake, Prof."

Leo amefunga mfereji wake baada ya mitungi miwili. Maji yakapanda kwetu, membamba kama uzi. Mtungi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulikuwa wazi miguuni pangu, nami nilikuwa na shati la kufua kwa ajili ya kesho.

Nikafunga mfereji.

Kisha huko juu, kwa Mzee Barasa, maji yakaanza kugonga ndoo tupu.